Mwimbaji Niliyemzika Akiwa Hai

Msomaji, kabla sijaendelea, kuna jambo la wiki iliyopita ambalo lazima nilifute.

Nilikueleza jinsi gari la bendi ya Ndarugu Stars lilivyopinduka na kutumbukia mtoni likirudi Thika kutoka Matuu, Agosti 1983. Nikaeleza nilivyoandika gazetini kwamba mwimbaji wao, Mukonyo, alikufa humo pamoja na kiongozi wa bendi, Muema. Nikaeleza makala hiyo ilivyonitoa kwenye kuripoti bei za mahindi, ikanifanya Kagwe wa Muziki. Kisha nikasema kosa langu nililigundua baada ya miaka mingi, maji yakiwa yameshamwagika.

Barua zenu zimejaa huruma. Mama mmoja wa Juja ameniandikia kwamba kukosea si dhambi.

Mama, usinihurumie. Sikugundua baada ya miaka mingi. Niligundua baada ya siku tisa.

Nitafika huko. Lakini siwezi kufika bila kupitia kwa Mansi.

Mansi ni mjukuu wa marehemu Dilip, yule Mhindi aliyekuwa na duka la santuri hapa Thika, na nyuma ya duka chumba cha kurekodia kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoroke. Karibu kila bendi ya mji huu ilipitia kwenye trei zile. Mzee alipofariki, Mansi akarithi kanda zote, akaanza kuziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine.

Alikuja kwangu Jumanne moja asubuhi, mwezi uliopita. Nilidhani amekuja kwa mambo ya kitabu.

Daktari Muriithi wa chuo kikuu alikuwa amemaliza kuandika historia ya muziki wa Thika. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi ya wiki hiyo, Kamakis, kwenye kiwanja kimoja cha nyama choma. Dibaji niliandika mimi. Mansi alimpa Muriithi nyimbo na picha. Mimi nilimpa maboksi yangu ya makaratasi, na kumbukumbu zangu.

Mansi aliketi. Chai hakuigusa.

"Uncle, Mukonyo alikufa lini?"

"Agosti themanini na tatu. Dunia nzima inajua."

"Dunia nzima imejua kutoka kwako. Nimeangalia. Radio imetoa kwako. Yule mzungu aliyeandika kitabu miaka ya tisini ametoa kwako. Wanafunzi wote wa Daktari wametoa kwa yule mzungu. Ukifuata kila mtu nyuma, unafika kwa Kagwe, 1983."

Nikatabasamu. Ndiyo, msomaji, nilitabasamu. Nilifikiri ananisifu.

Akafungua kompyuta, akabonyeza.

Kwanza ilikuja sauti ya Dilip, kavu, ya mtu mwenye haraka. "Sema jina na tarehe, tafadhali."

Kisha sauti ya mwanamke. "Mukonyo. Leo ni tarehe kumi na mbili Februari, themanini na tano. Wimbo ni wangu na maneno ni yangu. Na sijafa."

Dilip alisikika akicheka. Gitaa likaingia, na mwanamke yule akaanza kuimba "King'ora cha Saa Kumi", wimbo ambao miaka arobaini na miwili nimewaambia Wakenya kwamba Muema aliutunga kwa mapenzi.

Haukuwa wa mapenzi. Nilisikia maneno vizuri safari hii. Ulikuwa wa wasichana wawili wa kiwanda cha nguo, wanaotoka zamu ya alfajiri wakishikana mikono ili mmoja asilale njiani.

"Hiyo ni mwaka mmoja na nusu baada ya wewe kumzika," Mansi akasema.

"Walikuwapo waliomwiga," nikajibu haraka. "Miaka hiyo kila msichana mwenye sauti alijiita Mukonyo. Au babu yako alikosea tarehe."

"Babu hakukosea tarehe, uncle. Na nilijua utasema waliomwiga. Kwa sababu ulishasema."

Akatoa kipande cha gazeti, kimekunjwa mara nne, rangi ya chai. Dilip alikuwa amekiweka ndani ya boksi la kanda ile.

Ilikuwa safu yangu. Machi 1985. Kichwa: "Jihadharini na Mukonyo Bandia."

Nilikuwa nimeandika kwamba kuna mwanamke anazunguka Thika akitumia jina la marehemu. Niliwashauri wenye radio wasimcheze. Nilisema ni aibu mtu kuvaa kaburi la mwenzake kama leso. Nakumbuka siku ile sentensi hiyo ilinipendeza sana.

"Santuri haikutoka," Mansi akasema. "Babu alipeleka huu wimbo kwa kila mtu na kila mtu alimwonyesha hii karatasi. Baada ya hapo hakurekodi bendi tena. Nyumbani tulifikiri alichoka tu."

Nikamwambia aachane na mambo ya zamani. Nikamwambia kitabu kimeshachapishwa. Nikamwambia, na hapa nilishusha sauti kama mzazi, kwamba jina la Daktari Muriithi litachafuka bure.

"La Daktari ama lako?"

Nikasogeza kikombe changu.

"Kwa boksi kuna nambari ya nyumba yake. Makongeni," akasema. "Mimi naenda sasa hivi. Ukikataa kuja, Jumamosi nitacheza hii kanda mbele ya watu wote, na wewe ukiwa umekaa pale mbele."

Nikachukua kofia.

Makongeni tulimkuta mama mmoja akianika nguo mlango wa pili. Mansi akamsalimu, akamuuliza kama anamjua mtu anayeitwa Mukonyo.

"Mama Lenny? Alihama kitambo. Kijana yake alimjengea Ruiru. Anachomelea mageti, huyo Lenny, karibu na Kamakis. Uliza tu Lenny wa mageti." Akanitazama. "Kwani kuna nini? Mmetumwa na kanisa?"

"Kwa hivyo yuko hai," nikasema.

Yule mama akashangaa. "Sasa mzee, angekuwa amekufa angehama aje?"

Mansi aliwasha gari. Tulipopita Juja ndipo aliponiuliza, macho yake barabarani.

"Uncle, ulijua?"

"Sikujua."

Alikubali kwa kichwa kama mtu anayepokea risiti. Mimi nikageukia dirisha. Na hapa, msomaji, ndipo ninapolipa deni la wiki iliyopita, kwa sababu yeye nilimdanganya lakini wewe sitakudanganya tena.

Siku ya ajali nilikuwa baa. Mtu aliingia akasema gari la Ndarugu Stars limeingia mtoni, wamekufa wanne. Nikauliza nani. Akasema Muema, wapiga magitaa wawili, "na yule msichana." Sikuuliza msichana gani. Kwangu bendi ilikuwa na msichana mmoja tu, yule aliyeshika maikrofoni. Nikapiga simu Nairobi kutoka hapo hapo kaunta, nikamsomea mhariri makala ambayo nilikuwa naitunga nikiongea.

Sikwenda mtoni. Sikwenda mochari. Kwenye mazishi kule Kithimani, kwao Mukonyo, ambako niliandika kwamba "nilisimama kando ya kaburi, mvua ikinyesha juu ya nyimbo zake," sijawahi kukanyaga mpaka leo. Hata hiyo mvua sijui kama ilinyesha.

Siku ya tisa nilikuwa ofisini kwetu Thika, ghorofa ya kwanza juu ya duka la viatu. Mhariri alikuwa amenipigia asubuhi ile ile. Barua za wasomaji zilikuwa zimejaa gunia. Alisema kuanzia mwezi ujao ukurasa mzima wa muziki ni wangu.

Niliweka simu chini, mlango ukafunguliwa, akaingia Mukonyo.

Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Macho yalikuwa yamevimba. Akaniambia, "Kagwe, umeandika nimekufa."

Alinieleza kila kitu akiwa amesimama. Alikuwa amegombana na Muema kwa sababu Muema aliweka jina lake kwenye wimbo ambao si wake. Siku ya safari ya Matuu akagoma, akabaki Makongeni. Aliyekwenda badala yake ni rafiki yake wa kiwandani, Auma, aliyekuwa akicheza densi nyuma ya bendi. Mukonyo alimpa gauni lake la jukwaani alivae usiku ule. Na Auma alimwachia mtoto wake, wa miezi minne.

Wazazi wa Mukonyo walikuja mochari na gazeti langu mkononi. Maji yalikuwa yameharibu uso. Wakaona gauni. Wakachukua mwili, wakazika.

"Andika mambo mawili," aliniambia. "Andika mimi niko hai. Na andika aliyekufa ni Auma. Mimi nitarudi kwetu na miguu yangu, watanishika waone ni mtu. Lakini kwao Auma siwajui. Alitoroka nyumbani. Hawana njia ya kujua isipokuwa gazeti."

Nikamwambia, "Itatoka Ijumaa."

Ijumaa haikutoka. Ningemwambia nini mhariri? Kwamba gunia lote lile la barua lilikuwa la kumlilia mtu anayepumua? Nikajiambia wiki ijayo, nikishazoea ukurasa. Wiki ijayo nayo ikazaa wiki nyingine.

Alirudi mara tatu. Mara ya tatu nilimwona kupitia dirisha akivuka barabara, nikaingia chooni, nikamwambia karani aseme niko Nairobi. Nilikaa humo nusu saa nikisikia mtoto akilia ofisini.

Hakurudi tena. Ndipo, alipojaribu kuimba upya, nikaandika ile safu ya Mukonyo bandia. Wewe ungeniita nani?

Ruiru hatukutafuta sana. Kila mtu alimjua Lenny wa mageti. Tulimkuta nje ya nyumba yake, miwani ya kazi paji la usoni, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu.

"Karibuni. Mnataka geti ama grili?"

"Tunamtafuta mama," Mansi akasema. "Sisi ni watu wa muziki."

Lenny akacheka. "Muziki? Mathe yangu huimba kanisani tu, tena nyuma kabisa. Mmepotea njia, lakini ingieni. Ako hapo uani."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo magotini, akichambua maharagwe. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Aliinua kichwa. Akanitazama usoni.

Kisha akasema, "Kagwe. Imetoka?"

Nikarudi hatua nyuma, nikajikwaa. Mansi alinishika kiwiko, akidhani ni uzee.

"Uncle," akanong'ona, "imetoka nini?"

Mukonyo ndiye aliyemjibu, kwa upole, huku vidole vyake vikiendelea kutafuta mawe kwenye maharagwe. Alimsimulia ile ofisi juu ya duka la viatu, na zile Ijumaa. Alisema alinunua gazeti kila Ijumaa mpaka mwaka ukaisha.

Mansi aliachia kiwiko changu.

"Umeniambia hukujua," akasema. "Hapo tu kwa gari. Sasa hivi."

"Mansi..."

"Usiniite."

Nikapiga magoti kwenye saruji ya ule ua, mzee wa miaka sitini na tisa. Nikamwambia Mukonyo naomba msamaha. Nikamwambia nitasema yote Jumamosi mbele ya watu, nitarudisha wimbo kwa mwenyewe, nitaandika upya.

"Inuka, utaumia," akasema. "Mimi sikudai sana. Nilirudi kwetu. Baba alinishika miguu kwanza, halafu akalia. Aling'oa msalaba wenye jina langu. Polisi walisema aliye chini pale lazima ndugu zake waje ndipo atambuliwe. Ndugu gani? Baba alilima kuzunguka lile kaburi mpaka akafa. Mpaka leo halina jina. Sisi tumelifagia tu."

"Nitarekebisha," nikasema.

"Utarekebisha nini? Mimi niliimba mara moja kwa Dilip, nikaitwa mwizi wa jina langu mwenyewe. Nikarudi kiwandani. Sawa. Si wimbo ninaokuuliza, Kagwe. Nakuuliza mambo ya Auma."

"Auma ni nani?"

Lenny alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vinne vya chai kwenye trei.

Mukonyo aliacha kuchambua.

"Weka chai chini, Lenny."

"Mum, Auma ni nani? Na huyu mzee amepiga magoti kwa nini?"

"Weka chai chini, mwanangu."

Aliweka. Mukonyo akashika ukingo wa ungo kwa mikono yote miwili. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda.

"Mwambie! Mimi nilingoja uandike. Nilijiambia siku gazeti litakapotoka nitamwonyesha asome mwenyewe, maana mdomo wangu haukuweza. Akaanza kutambaa. Akaanza kuniita mama. Halafu akaenda shule, na kila mwaka ikawa ngumu zaidi. Sasa mwandishi ni wewe. Mwambie."

Kazi yangu yote, msomaji, ilikuwa kueleza watu habari za watu wengine. Niliandika wasifu wa wanamuziki mia moja na zaidi. Siku ile sentensi moja ilinishinda.

Nikasema kwa vipande. Nikasema kuhusu gari na mto. Nikasema kuhusu gauni. Nikasema mwanamke aliyekufa aliacha mtoto wa miezi minne Makongeni kwa rafiki yake, na rafiki huyo hakumwacha.

Lenny alinisikiliza huku akinitazama midomo. Nilipomaliza, alivua ile miwani ya kazi, akaifuta kwa shati, akaivaa tena paji la usoni. Akaenda akakaa chini, sakafuni, karibu na kigoda cha Mukonyo, akaegemea mguu wake kama mtoto.

"Na kwao ni wapi?" akauliza.

"Sijui," Mukonyo akasema. "Kulikuwa na barua. Mama yake alimwandikia, ilikuwa chini ya godoro lake. Hiyo ndiyo kitu pekee yenye anwani. Mimi Kiswahili cha kusoma kilikuwa kidogo wakati huo, sikuelewa imetoka wapi. Nikampa huyu siku ile ofisini aichapishe, ili wenyewe waione."

Wote watatu wakanigeukia.

"Iko wapi hiyo barua?" Lenny akauliza.

Hapa ndipo natamani ningeweza kusema niliipoteza, au iliungua, au ililiwa na mchwa.

"Iko kwenye kitabu," nikasema.

"Kitabu gani?"

Mansi alikuwa tayari ameshakitoa kwenye mkoba wake. Alifungua kurasa kwa hasira, akasimama kwenye picha moja iliyojaza ukurasa mzima. Karatasi ya mistari, mwandiko wa kalamu ya wino. Chini yake maandishi madogo: "Barua ya mama yake Mukonyo, kutoka mkusanyiko wa Kagwe."

Ikabidi niwaeleze. Mwaka jana nilimpa Muriithi maboksi bila kuyafungua. Alipoipata barua akanipigia simu. "Mzee, hii ni ya nani? Inaanza tu 'binti yangu mpendwa'. Na kwa nini inatoka Oyugis?" Nilikuwa nakula. Nilijua ni barua ipi. Nikamwambia ni ya mama yake Mukonyo, nafikiri alikuwa amekwenda kukaa na jamaa huko.

Na Muriithi, msomi mwaminifu, akaliamini neno langu kama wengine wote. Akaandika aya nzima kueleza kwamba familia ya Mukonyo iliishi Nyanza kwa muda, na ndiyo maana nyimbo zake zina mguso wa benga la upande ule. Wanafunzi watayasoma hayo. Watapewa alama.

"Ulikuwa unakula," Mansi akarudia.

Lenny alinyoosha mkono. Alikichukua kile kitabu, akakiweka kwenye goti la Mukonyo juu ya ungo, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kwa sababu wino ulikuwa umefifia.

"'Binti yangu mpendwa. Nimesikia umejifungua mvulana. Baba yako amekasirika lakini hasira zake ni za mdomo, jana alikuwa akitengeneza kitanda kidogo na anasema ni cha mbuzi. Mlete nimwone. Usikubali watu wa mji wampe jina. Jina lake liko hapa linamngoja.'"

Akaweka kidole kwenye mstari huo. Uani kwa jirani kuku alilia.

"Mum. Lenny uliitoa wapi?"

"Kwa redio," Mukonyo akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Kulikuwa na mtangazaji. Nilipenda vile alivyoongea."

Lenny akacheka, kicheko kilichovunjika katikati. Akamshika mkono.

Mansi alikuwa ameinamia ile picha. "Huyu mama hakuandika mwenyewe. Ona hapa chini. 'Imeandikwa kwa niaba yake na mwalimu mkuu.' Na jina la shule liko juu." Tayari alikuwa anatafuta kwenye simu. "Shule bado iko. Wana ukurasa. Wana nambari."

"Ngoja," nikasema. "Tusikimbilie. Miaka arobaini na miwili. Yule mama alikuwa mtu mzima tayari. Tuandike barua kwanza, kwa utaratibu..."

Mukonyo alinitazama tu. Nikajisikia mwenyewe. Bado nilikuwa nasema Ijumaa.

Mansi alipiga. Akaweka sauti kubwa, akaiweka simu juu ya kitabu. Ikaita mara nne.

"Hello, ofisi ya shule."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mtu mwenye kazi nyingi. Mansi akafungua mdomo, lakini Lenny akamzuia kwa mkono. Akaichukua simu, akanisukumia mimi.

"Ongea wewe," akasema. "Si wewe ndiye wa kutangaza?"

"Hello? Nani huyo?"

"Naitwa Kagwe," nikasema. "Napiga kutoka Ruiru. Samahani, mwalimu. Natafuta familia moja ya hapo karibu na shule yenu. Walikuwa na binti aliyekwenda kufanya kazi Thika zamani. Kiwanda cha nguo. Alikuwa anaitwa Auma."

Nilisikia watoto kwa mbali wakiimba jedwali la kuzidisha.

"Umesema Auma wa Thika?"

"Ndiyo."

"Nani amekupa hilo jina?"

Nikamtazama Lenny. Alikuwa amefunga macho.

"Niko na mtoto wake hapa," nikasema.

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma kwa nguvu. Mwalimu yule aliita mtu kwa Kijaluo, akaita tena, kisha akarudi kwenye simu akihema.

"Mzee, usikate. Tafadhali usikate. Kuna mtu hapa nyuma ya shule ambaye kila mgeni akitoka Nairobi lazima amuulize hilo jina. Tumezoea kumwambia hatujui. Shikilia hapo hapo, naenda kumleta."